Saa ni ya nani? Kisa cha ruta mbili na waya mmoja

Nawaandikia kutoka Irving, Texas. Najua nimekuwa kimya sana, na lawama za Shangazi nimezipata zote, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Huku ni kazi na kulala, kulala na kazi. Leo nina mapumziko, jua la nje halisemeki, basi nimejifungia ndani na chai yangu ya tangawizi nilipe deni la maandishi.

Lililonisukuma ni swali la mpwa wangu wa Chumbageni, anayesomea mitambo ya mawasiliano. Juzi kaniletea ujumbe: "Shikamoo Mjomba. Mwalimu katupa ruta mbili za zamani na kebo ya siriali. Ruta moja katuambia tuiandikie amri ya clock rate 64000, ya pili tusiiandikie. Nimemuuliza kwa nini, akasema ndivyo ilivyo. Kwani Mjomba, kwa nini mmoja tu ndiye mwenye saa?"

Marahaba mwanangu. Swali hilo lilinipa mimi karatasi ya onyo kazini, karibu nirudi Tanga na begi moja. Kwa hiyo nitalijibu kwa urefu, na wasio mafundi msikimbie, maana hadithi hii inapita Unguja, Paris, Chicago na hapa hapa mtaani kwangu.

Tuanze hivi. Watoto wawili wako ng'ambo mbili za mkono wa bahari, usiku, kila mmoja na tochi yake. Wamekubaliana: tochi ikiwaka ni moja, ikizimwa ni sifuri. Huyu anawasha, anazima, anawasha. Vizuri. Sasa awashe na aiache inawaka kwa muda. Yule wa pili ataandika nini? Moja? Moja moja? Moja tano? Hawezi kujua, mpaka wawe na mapigo ya pamoja: kila pigo, tazama tochi na uandike. Huo ndio ugonjwa wote wa laini ya siriali. Biti zinapita moja moja kwa kufuatana kwenye waya, na anayepokea ni lazima ajue ni lini hasa atazame. Akitazama mapema anasoma biti ya nyuma, akichelewa ameshairuka.

Mnaojua ngoma mtanielewa haraka zaidi. Wapigaji wawili hawawezi kila mmoja akaenda na mwendo wake, hata wawe hodari namna gani. Mmoja anashika mwendo, mwingine anamfuata.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wanakosea. Mapigo si sawa na saa ya ukutani. Mama akinipigia simu akasema "nitakutafuta saa mbili", Wamarekani ninaofanya nao kazi wakitafsiri neno kwa neno watakesha! Saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zinapishana kwa saa sita kamili, tena zimepishana hivyo tangu enzi za mababu, lakini hazijawahi kukimbiana. Dakika yetu ni dakika yao. Mwaka mzima ukipita tofauti ni ile ile sita, haijaongezeka hata nukta. Ruta mbili ziko hivyo hivyo. Kwa kusoma biti hazijali moja ikiamini ni asubuhi na nyingine ikiamini ni jioni. Zinachojali ni mwendo tu. Tatizo ni pale ambapo sekunde ya huyu ni fupi kidogo kuliko sekunde ya yule, maana hapo pengo linakua kila dakika, mchana na usiku, hata liwe dogo kama unywele.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza, Eastern and South African Telegraph, ililaza waya wa simu za maandishi chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, na kutoka hapo kuendelea Msumbiji hadi Durban. Sultani alikuwa Seyyid Barghash. Yule karani wa simu alikuwa anapokea alama kwa akili yake mwenyewe. Mwenzake akienda polepole, naye anasubiri. Akiharakisha, naye anaharakisha. Binadamu ana saa ndani ya kichwa, na inajirekebisha yenyewe bila kuambiwa. Siku tulipotaka mashine ndiyo isome, ndipo taabu ilipoingia.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Mfaransa Émile Baudot. Huyu alikuwa mtumishi wa idara ya simu za maandishi ya Ufaransa, na mwaka 1874 alisajili mtambo wake ulioweza kupitisha simu za makarani kadhaa kwenye waya mmoja. Kila herufi aliipa alama tano za moja au sifuri. Karani alikuwa na vibao vitano tu vya kubonyeza, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa wa kulia, kama anapiga kinanda. Katikati ya mtambo kulikuwa na kishikio kinachozunguka, kinampa kila karani zamu yake kwenye waya: wewe, halafu wewe, halafu wewe, kisha tena wewe. Mtambo wa upande wa pili nao ulizunguka kwa mwendo ule ule. Sasa angalieni uungwana wa jambo hili. Karani hakuruhusiwa kubonyeza anapotaka. Mtambo ulimgongea kidogo, tak, kumwambia zamu yako imefika, na hapo hapo ndipo aweke vidole vyake. Tak, bonyeza. Tak, bonyeza. Siku nzima! Akichelewa, herufi inaharibika.

Yaani mtu ndiye aliyekuwa anapewa saa na mashine. Mpwa wangu, shika hapo hapo, maana jibu lako limeshaanza kuonekana. Karani wa Baudot ndiye ile ruta yako isiyoandikiwa amri. Na jina la huyu mzee bado liko vinywani mwetu mafundi, tunaposema kasi ya laini ni "baud" kadhaa.

Wamarekani walilitatua kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Chicago, baba na mwanawe, Charles na Howard Krum, walitengeneza mashine ya kuchapa simu ambayo kila herufi ilitanguliwa na alama ya "anza" na kumalizwa na alama ya "simama". Mota ya mpokeaji inakaa imezuiwa. Ikipata "anza" inaachiwa, inazunguka mzunguko mmoja, inasoma alama tano, inasimamishwa tena. Saa zikipishana kidogo haidhuru, kwa sababu makosa yanafutwa kila herufi. Ni kama watu wawili wanaotembea pamoja ambao kila baada ya hatua saba wanasimama na kupanga tena miguu. Njia hii haikufa. Ile waya ya kukonsoli mnayochomeka kwenye ruta ili muiandikie amri inatumia mtindo huo huo wa anza na simama mpaka leo. Ubaya wake ni kwamba kila herufi inabeba mizigo miwili isiyo na maana yoyote, na kwa laini ya kasi huo ni upotevu.

Halafu ikaja sauti. Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris mwaka 1937, alibuni wazo la kuipima sauti mara nyingi kwa sekunde na kutuma vipimo kama namba. Kampuni ya Bell ya Marekani ikaliweka wazo hilo barabarani mwaka 1962, eneo la Chicago, kwa laini iliyoitwa T1. Hesabu yake nzuri, nitaiandika ili mpwa wangu akaitambe darasani. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde. Kila sauti inapewa nafasi ya biti 8. Zidisha: 64,000. Umeiona? Ndiyo ile clock rate yako! Namba uliyoambiwa uandike bila maelezo ni sauti ya mtu mmoja anayezungumza kwenye simu. T1 ilibeba sauti 24, kwa hiyo biti 192, ikaongezwa biti moja ya kuonyesha mwanzo wa fremu, jumla 193. Mara 8,000 ni biti 1,544,000 kwa sekunde. Wazungu wa Ulaya walipanga yao ya nafasi 32, yaani 2,048,000, inaitwa E1, na Afrika Mashariki tulirithi hiyo ya Ulaya. (Huku walikuwa pia na kitabia cha kuiba biti moja moja ndani ya sauti kwa ajili ya ishara za kupiga na kukata simu, ndiyo maana laini nyingi za Marekani zilikuwa 56,000 badala ya 64,000. Nilipofika huku nilidhani ni makosa ya uchapaji.)

Kwenye T1 hakuna waya wa pembeni wa kubeba mapigo. Mapigo yamo ndani ya biti zenyewe: kila moja inayopita ni mshtuko wa umeme, na mpokeaji anasikiliza mishtuko hiyo na kupata mwendo. Je, zikija sifuri tupu? Kimya. Na kimya kikizidi mpokeaji anapotea, kama mtu anayecheza ngoma halafu ngoma ikanyamaza ghafla. Ndiyo maana iliwekwa sheria kwamba sifuri zisizidi 15 mfululizo, na baadaye ukabuniwa ujanja wa kubadilisha sifuri nane kwa alama maalumu ambayo mpokeaji anaitambua na kuirudisha kuwa sifuri.

Mwanzoni kila laini ya T1 ilikuwa na saa yake na hakuna aliyejali, kwani mwisho wa laini sauti iligeuzwa tena kuwa sauti ya kawaida. Mambo yalibadilika Januari 1976, pale Chicago ilipowashwa 4ESS, mtambo mkubwa wa kuunganisha simu ambao wenyewe ulikuwa wa kidijitali. Sasa laini mamia zinaingia kwenye jumba moja na kuchanganywa biti kwa biti bila kugeuzwa. Kila laini ikija na mwendo wake, itakuwaje? Itakuwa soko la samaki asubuhi! Ikabidi nchi nzima iwe na mshika mwendo mmoja. Bell waliweka saa zao za siziamu Hillsboro, jimbo la Missouri, na mapigo yakasambazwa kutoka huko: mtambo mkubwa unampa wa chini yake, naye anampa wa chini yake, mpaka kwenye kasha dogo ukutani kwa mteja.

Basi mpwa wangu, hilo ndilo jibu. Ile alama ya DCE kwenye ncha ya kebo maana yake huyu ni upande wa kampuni ya simu. DTE ni upande wa mteja. Katika maisha ya kweli ruta yako ni mteja, na imechomekwa kwenye kasha la kampuni ya simu, na kasha hilo linaleta mapigo kutoka juu kabisa kwenye ngazi. Mteja haleti saa yake sokoni. Hapo darasani hakuna kampuni ya simu, mna ruta mbili tu na kebo. Kwa hiyo mmoja lazima ajifanye kampuni ya simu, naye ni yule aliyeshika ncha yenye DCE. Amri uliyoiandika inamwambia "jifanye mkubwa". Ukitaka kujua ncha ipi ni ipi bila kutambaa chini ya meza, andika show controllers, itakuambia.

Sasa nije kwenye onyo langu. Irving na majirani zake ni nchi ya simu hii, huenda hamjui. Makao makuu ya GTE, kampuni kubwa ya simu ambayo haikuwa ya Bell, yalikuwa hapa Las Colinas mpaka mwaka 2000 ilipoungana na Bell Atlantic zikawa Verizon. Richardson, mwendo mfupi kwa gari, walijazana watengenezaji wa mitambo ya simu hadi eneo likaitwa Telecom Corridor. Jack Kilby aliunda saketi yake ya kwanza kwenye kipande kimoja mwaka 1958 akiwa Texas Instruments, Dallas. Mimi nilikuja kusoma chuo kidogo na nikapata kibarua cha usiku cha kuangalia laini za wateja kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, wala haina kosa. Mwaka ulikuwa 2006. Dada yenu mdogo alikuwa ndiyo kwanza kaingia kidato cha tano na ada ilikuwa inatoka kwenye kibarua hicho hicho.

Tulikuwa na mteja mwenye laini ya T1 kati ya Irving na Houston. Ruta ya upande wa Houston ilikufa, nikatumwa niandae nyingine kutoka maabara, ikasafirishwa, ikafungwa, ikawaka. Taa zote kijani. Nikafurahi, nikala wali wangu. Siku ya pili malalamiko: simu zinagonga, tik... tik... tik, na faksi zinafika zimekatika mistari. Siku ya tatu mteja anasema anahama. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha kadi, tukawalaumu wenye laini, nao wakapima wakasema laini yao safi. Bosi akaanza kuniita "my friend", na mnaoishi huku mnajua hilo si jambo jema.

Zamu ya usiku alikuwepo mzee mmoja wa Kitexas, kofia na buti, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi za simu tangu ujana wake. Aliniuliza swali moja tu: nani anampa nani saa? Nikatazama. Ruta ya Irving nilikuwa nimeiacha na neno internal tangu siku za majaribio. Ya Houston nimeitoa maabara, nayo internal. Kila moja inapiga mwendo wake kwa kipande chake cha kwatzi, na katikati kuna kampuni ya simu yenye mwendo wa tatu ambayo hakuna anayeisikiliza!

Fuateni hesabu, ni rahisi. Biti zinazoingia zinawekwa kwanza kwenye akiba ndogo, kama maji kwenye ndoo, halafu zinachotwa. Anayemimina akiwa na kasi kidogo kuliko anayechota, ndoo inajaa, na inapojaa mtambo unamwaga fremu nzima, biti 193, yaani sekunde moja ikigawanywa mara 8,000. Anayechota akiwa na kasi zaidi, ndoo inakauka na fremu inarudiwa mara mbili. Kwatzi nzuri za bei ya kawaida zinaweza kupishana, tuseme, sehemu kumi katika milioni. Hiyo ni ndogo mno, ni chini ya sekunde moja kwa siku, saa ya mkononi ikifanya hivyo ungeisifu. Lakini kwa mwendo huo fremu moja inamwagwa kila sekunde 12 na nusu. Ndiyo ile tik ya mteja! Kwenye maongezi ni mgongo mdogo tu. Kwenye faksi ni mstari umekwenda.

Nikabadilisha neno internal kuwa line, pande zote mbili, ili zote zimfuate mwenye laini. Tik zikakoma papo hapo. Asubuhi nikakiri kosa, nikapewa karatasi ya onyo niweke sahihi. Kazi ilibaki. Mteja alikwenda. Ada ya kidato cha tano ililipwa, lakini mwezi ule nilikopa, na Mama hakujua mpaka anasoma hapa. Samahani Mama.

Nikaanza kusoma kila kitu juu ya saa, hasira tu. Ndipo nikajua ngazi zenyewe zina majina na viwango, viliandikwa huku mwaka 1987, baada ya Bell kuvunjwa vipande tarehe 1 Januari 1984 na kila kipande kuhitaji kujua kitamfuata nani. Daraja la kwanza, saa za siziamu, haziruhusiwi kukosea zaidi ya sehemu moja katika bilioni mia moja. Saa mbili za daraja hilo, kila moja ikikosea upande wake, zinamwaga fremu moja kila baada ya siku 72. Mimi kila sekunde 12, wao kila siku 72!

Siku hizi mshika mwendo wa wengi yuko angani. Setilaiti za GPS ambazo mnazitumia kutafuta njia ni saa za atomu zinazoruka, na kampuni za simu zinachukua mapigo kutoka hapo kwa antena ndogo juu ya paa. Raha, lakini ina hatari zake. Tarehe 26 Januari 2016, wakati setilaiti moja ya zamani ikiondolewa kazini, baadhi ya nyingine zilianza kutangaza saa iliyokosea kwa sehemu 13 za milioni ya sekunde, na kengele za hatari zikalia kwenye mitambo ya simu na redio nchi mbalimbali. Ramani ya kwenye gari haikuonyesha chochote.

Nyumbani nasi tulikuwa na taabu yetu ya setilaiti. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, na TEAMS ya Mombasa mwaka huo huo, intaneti yetu nyingi ilipanda angani kilomita 36,000 na kushuka. Setilaiti tunaambiwa imesimama, lakini haisimami kabisa, inayumba kidogo kila siku. Ikisogea mbali biti zinafika kwa kuchelewa kidogo, ikikaribia zinafika haraka, hata kama saa za pande zote mbili ni za dhahabu. Kwa hiyo vituo vya ardhini viliwekewa ndoo kubwa zaidi, inayojaa na kupungua kila siku kama maji ya bahari pale Raskazone. Mkongo wa chini ya bahari hauyumbi hivyo.

Nilidhani nimeshamaliza na somo hili, mpaka usiku wa tarehe 15 Februari 2021. Mtakumbuka simu zenu za hofu. Theluji Texas nzima, baridi ya kuua, na ilikuwa ya kuua kweli: serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Sisi tulikaa na makoti ndani, watoto katikati yetu kitandani, tukachemsha maji kwenye jiko la gesi la kambini, nje barazani. Umeme wa Marekani unapiga mapigo 60 kwa sekunde, na mitambo yote inayofua umeme kwenye gridi moja lazima izunguke kwa mwendo mmoja, kama wapiga makasia. Mzigo ukizidi nguvu, wote wanapunguza mwendo pamoja. Usiku ule, kabla ya saa nane (saa yetu, msijichanganye), mitambo ilikuwa ikiganda na kuzimika mmoja baada ya mwingine, na mapigo yakashuka mpaka 59.3. Yalikaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Yangekaa hivyo kwa dakika 9, mitambo mingine ingejizima yenyewe ili isivunjike, na Texas karibu yote ingeingia gizani kwa muda usiojulikana. Zilibaki dakika 4 na sekunde 37. Walichofanya ni kukatia watu umeme kwa wingi ili mapigo yapande, na sisi tukiwa miongoni mwa waliokatiwa.

Mtu atauliza, majirani hawakusaidia? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu gizani. Texas ina gridi yake peke yake, haifuatani na ya mashariki wala ya magharibi. Ni internal! Huwezi kuunganisha waya moja kwa moja kati ya mitambo isiyopiga mwendo mmoja, itapasuka. Kuna viungo vichache tu, ambavyo vinageuza umeme kuwa wa mkondo mmoja halafu kuugeuza tena kwa mwendo wa upande wa pili, na viungo hivyo ni vyembamba, viliweza kupitisha sehemu ndogo tu ya kilichohitajika.

Mpwa wangu, jaribio la wewe kufanya wiki hii: toa ile amri ya clock rate, uone laini inavyolala. Halafu irudishe lakini kwenye ruta ya pili, yenye ncha ya DTE, usome itakuambia nini. Niandikie.

Shangazi, zile dawa zimetumwa Jumanne na mtu anayepitia Dar, mpokeeni. Nakwenda kulala kidogo, zamu yangu inaanza saa nne usiku, saa yetu.